Maziwa Hayatoshi

Siku ya tatu baada ya kujifungua ndiyo inayowavunja wengi. Wageni wa kwanza wameshaondoka, na mwili ambao juzi ulikuwa umembeba mtoto sasa umepewa kazi nyingine usiyoijua. Matiti yanajaa usiku, yanakaza, yanawaka moto mpaka kwapani. Ngozi imevutika hadi chuchu imezama, na mtoto anayetafuta pa kushika anateleza, analia, anateleza tena. Pembeni yupo mtu, mara nyingi anayempenda mzazi huyu kwa dhati, na atasema maneno ambayo kila mwanamke wa kwetu ameshayasikia: "Mtoto ana njaa huyu. Maziwa hayatoshi." Maji ya glukosi yanakorogwa, kijiko kinatafutwa, na mzazi anageukia ukutani.

Nimeyasikia maneno hayo kwenye mabenchi ya kliniki, misibani, saluni, ndani ya daladala. Wanawake huyasema juu ya miili yao wenyewe kwa sauti ya chini. Na kadiri ninavyowasikiliza ndivyo ninavyozidi kuamini kwamba upungufu upo kweli, ila titi limesingiziwa. Kilichopungua ni usingizi, ni mtu wa kumpokea mtoto, ni mtu anayejua mtoto hushikaje titi, ni siku za likizo, ni nauli, ni sahani ya pili ya chakula. Hayo yote yakipungua, anayeulizwa ni mwanamke mmoja aliyekaa kitandani na nguo iliyolowa kifuani.

Tumezoea kusema kunyonyesha ni jambo la asili, na usemi huo umewaumiza wanawake kuliko tunavyodhani. Kujifungua nako ni jambo la asili, lakini hakuna anayemwambia mwenye uchungu aende chumbani akajifungue kwa kuwa ndivyo alivyoumbwa. Tumejenga wodi, tumesomesha wakunga, tumenunua magari ya wagonjwa. Baada ya hapo tunamkabidhi mtoto, tunampa kadi, tunamwambia anyonyeshe miezi 6 bila hata tone la maji, na tunamfungulia geti. Mabango ya kliniki yanamwonyesha mama anayetabasamu, amekaa wima, mtoto katulia. Sijaona bango la mama ambaye chuchu zimepasuka na anauma pindo la khanga kila mtoto anapofungua mdomo.

Laiti angeambiwa mapema, siku ya tatu isingemtisha hivyo. Mtoto wa siku moja hutosheka na vijiko vichache vya chai, na ndicho kiasi ambacho mwili wa mama hutoa: dang'a, maziwa ya kwanza, mazito, ya manjano, yenye kingamwili nyingi. Kondo la nyuma likishatoka, homoni za ujauzito hushuka, na kati ya siku ya pili na ya nne maziwa mengi huingia kwa kishindo. Lile joto na ule ugumu ni dalili kwamba kazi imeanza. Kuanzia hapo titi humfuata mtoto: anavyonyonya zaidi ndivyo linavyotengeneza zaidi. Prolaktini, homoni inayoamuru maziwa yatengenezwe, hupanda zaidi usiku, kwa hiyo yule mtoto anayekataa kulala saa nane za usiku anaifanya kazi yake sawasawa. Homoni nyingine, oksitosini, huyasukuma maziwa yashuke. Hii huitika mama anapomsikia mtoto, anapomnusa, anapomgusa ngozi, na husita mama anapoogopa, anapoumia au anaposemwa. Maziwa yamo, hayashuki.

Sasa kiangalie kile kijiko cha maji ya glukosi. Kinamshibisha mtoto kwa muda, analala. Kila mtu ndani ya nyumba anapumua na kusema, unaona, alikuwa na njaa. Lakini kwa kuwa amelala hakunyonya, na kwa kuwa hakunyonya titi limepata habari kwamba maziwa hayahitajiki sana. Kesho yake linatengeneza kidogo zaidi, mtoto analia zaidi, kijiko kinakuwa kikombe, kikombe kinakuwa uji mwepesi kabla hata ya mwezi wa tatu. Mwishoni maneno ya yule mtu wa pembeni yanakuwa kweli kabisa, na hakuna anayekumbuka kwamba siku yaliposemwa mara ya kwanza hayakuwa kweli.

Rafiki yangu mmoja, mwalimu wa shule ya msingi, alijifungua kwa upasuaji. Mshono ulikuwa mbichi, hakuweza kukaa vizuri, na mtoto alishika ncha ya chuchu tu. Ilipasuka upande mmoja, kisha wa pili. Alikuwa akimwona mtoto anaamka, yeye anaanza kutetemeka. Kila aliyemweleza alimwambia avumilie, ndio uzazi huo, hata sisi tulipitia. Titi la kushoto likavimba, likawa jekundu, homa ikampanda akadhani ni malaria. Aliyemwokoa ni mkunga mstaafu wa mtaa wa pili aliyekuja tu kumpa hongera. Mkunga yule hakusema mengi. Alimgeuza mtoto tumbo likaelekea tumbo la mama, akamshika mabega badala ya kichwa, akasubiri. "Usimpelekee titi, mwanangu. Mlete yeye kwenye titi. Ngoja afungue mdomo wote." Kidevu kikagusa titi, sehemu kubwa ya weusi unaozunguka chuchu ikaingia mdomoni, na mtoto akaanza kumeza kwa sauti ya kusikika. Mkunga akamwambia pia asiache kunyonyesha upande uliovimba, kwa sababu maziwa yakikaa humo ndiyo yanayozidisha ugonjwa, na homa isiposhuka aende hospitali mapema kabla halijawa jipu. Rafiki yangu alilia, na mpaka leo anaposimulia hutetemeka sauti kwa hasira. Aliteseka siku nyingi kwa kukosa maelezo ya dakika chache, tena ndani ya mtaa wenye watu waliokuwa nayo.

Waliotutangulia walijua mengi ya haya bila kuyaita kwa majina ya homoni. Uchagani mzazi alipikiwa mtori, pwani aliletewa uji wa pilipili manga na supu ya kuku, alikandwa kwa maji ya moto, alifungwa tumbo, na kwa siku 40 hakuguswa na jembe wala kuni. Watu wazima waliomzunguka walikuwa wamenyonyesha, wakamwona anavyompakata mtoto, wakamsahihisha palepale. Nina hakika mtori ulikuwa na faida yake, ila naamini faida kubwa zaidi ni kwamba aliupika mtu mwingine. Sisemi kila walichofanya kilikuwa sawa. Sehemu nyingi dang'a ilikamuliwa ikamwagwa kwa kudhaniwa ni uchafu, na mtoto alipewa maji kwa sababu eti naye ana kiu, ilhali maziwa ya mama yenyewe kwa sehemu kubwa sana ni maji. Wauguzi wetu wamepigana na mambo hayo kwa miaka mingi na wamefanikiwa: uchunguzi wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 ulikuta asilimia 64 ya watoto wa Tanzania walio chini ya miezi 6 wananyonya maziwa ya mama tu. Ninalolililia ni kwamba tulipowanyamazisha mabibi kwa makosa yao, tuliwaondoa na wao wenyewe chumbani, pamoja na mikono yao. Leo mzazi yuko kwenye chumba na sebule huko Mbagala, Dar es Salaam. Mama yake amekuja kwa basi kutoka Singida, na baada ya wiki mbili atarudi kwa sababu mvua zimeanza. Baba wa mtoto amepewa siku zake 3 na mwajiri, zimekwisha. Mtori, kama upo, mzazi ataupika mwenyewe, mkono mmoja ukiwa na mwiko na mwingine ukimshikilia mtoto mbali na jiko.

Shaka ya mwanamke aliyeachwa peke yake ina soko, na wafanyabiashara waliligundua zamani. Mwaka 1939 daktari Cicely Williams, mzaliwa wa Jamaika aliyekuwa ametumikia Gold Coast (Ghana ya leo) na kuandika juu ya kwashakoo kabla ya wengine wengi, alisimama mbele ya wanachama wa klabu ya Rotary huko Singapore akasema kwamba vifo vya watoto vinavyotokana na kuwahadaa mama zao waache kunyonyesha vihesabiwe kuwa mauaji. Hakusikilizwa. Miongo iliyofuata kampuni ziliwatuma wanawake waliovalia sare nyeupe, wakidhaniwa ni wauguzi, wapite wodini wakigawa makopo ya maziwa ya unga. Kopo la kwanza lilikuwa la bure, na lilikaa nyumbani muda wa kutosha kwa maziwa ya mama kukauka. La pili lilikuwa la kununua. Familia isiyokuwa na uwezo iliongeza maji ili kopo lifike mwisho wa mwezi, na maji yenyewe yalikuwa ya kisima. Ususiaji wa bidhaa za Nestlé, mojawapo ya kampuni hizo, ulianza Marekani mwaka 1977. Mwaka 1981 Mkutano Mkuu wa Afya Duniani ulipitisha Kanuni ya Kimataifa ya kudhibiti biashara hiyo kwa kura 118. Iliyopinga ni moja tu, ya Marekani. Kenya ina sheria yake tangu mwaka 2012. Nayataja haya bila kumnyooshea kidole mama yeyote aliyenunua kopo. Wapo ambao tezi za maziwa hazikukua vya kutosha, wapo waliopasuliwa matiti, wapo wanaotumia dawa zisizofaa kwa mtoto, na wapo waliojaribu kila njia ikashindikana. Mtoto wao anahitaji kula, na wao wanahitaji kuachwa wamlishe kwa amani.

Lipo jambo ambalo mabango hayaligusi kabisa, nalo ni kubemenda. Pwani yote, na sehemu nyingi za bara, mtoto anayedhoofu, mbavu zikahesabika, miguu ikachelewa kusimama, husemwa kwamba amebemendwa: wazazi wake wamekutana kimwili kabla hajaachishwa ziwa, au mmoja wao ametoka nje ya ndoa na kurudi kumshika mtoto, na maziwa yameharibika. Wengine huitazama imani hii kwa dharau, nami siwezi. Ninaona ndani yake hekima ya watu waliokuwa hawana vidonge wala sindano za uzazi wa mpango, waliojua kwa uchungu kwamba mimba ya haraka humuua mtoto aliye mgongoni. Mwiko ulimpa mama miaka 2 ya kupumzika, na ulimpa sababu ya kumkatalia mume ambayo ukoo mzima uliiheshimu. Kunyonyesha mfululizo, usiku na mchana, nako kulichelewesha hedhi na kuongeza ulinzi.

Lakini angalia mzigo umemwangukia nani leo. Kwa maneno ya imani yenyewe baba naye anaweza kumbemenda mtoto. Mtaani, hata hivyo, anayetazamwa ni yule aliyempakata. Mtoto amekonda kwa kifua kikuu, au kwa kuharisha kusikokwisha, au kwa sababu mama anakula mlo mmoja, na majirani wameshatoa hukumu juu ya kitanda cha mama huyo. Anaogopa kumpeleka kliniki kwa kuwa hata humo amewahi kusikia mnong'ono kwenye foleni. Anampeleka kwanza kwa mganga, kwa siri, na siku zinapita ambazo mtoto wa namna hiyo hana. Mwingine huamua vingine: anaona mume ameanza kuchelewa kurudi, anahesabu, anamwachisha mtoto ziwa kabla ya mwaka ili arudi kitandani bila kumdhuru mwanawe. Pwani tuna neno zuri la kumwachisha mtoto ziwa, kumlikiza, na zamani kulikiza kulikuwa na wakati wake na shughuli yake. Sasa watoto wengine wanalikizwa kwa sababu mama yao anachagua kati ya titi na ndoa, na hajamwambia mtu.

Wanawake wenye virusi vya UKIMWI wamebeba mzigo mzito kupita wote, nao ninadhani tunawadai historia iliyoandikwa vizuri. Tangu katikati ya miaka ya 1980 ilijulikana kwamba virusi vinaweza kupita kwenye maziwa. Ushauri uliotolewa mwanzoni mwa miaka ya 2000 ulikuwa mama aepuke kunyonyesha kabisa ikiwa maziwa mbadala yanakubalika, yanawezekana, anaweza kuyamudu, yatapatikana wakati wote na ni salama. Masharti matano, kwa mwanamke anayechota maji mtoni. Kijijini mama asiyenyonyesha hujulikana siku ileile, na sababu yake hujulikana. Kwa hiyo wapo waliompa mtoto chupa ndani ya chumba kilichofungwa na titi mbele ya wakwe. Utafiti uliochapishwa mwaka 1999 kutoka Durban ulikuwa umeshaonyesha hatari ya jambo hilo hasa: watoto waliochanganyiwa titi na vyakula vingine waliambukizwa zaidi kuliko walionyonya titi tu. Botswana, nchi iliyogawa maziwa ya kopo bure kwa nia njema kabisa, ilipatwa na mvua kubwa mwaka 2006, maji yakachafuka, na mamia ya watoto waliolishwa kopo wakafa kwa kuharisha. Mwaka 2010 Shirika la Afya Duniani lilibadilisha mwongozo: mama au mtoto apewe dawa za kufubaza virusi, na mama anyonyeshe.

Basi mfikirie mwanamke mmoja, wa mkoa wowote, aliyejifungua mwaka 2002, akajifungua tena mwaka 2006 na tena mwaka 2012. Mtoto wa kwanza aliambiwa asimnyonyeshe. Wa pili aliambiwa amnyonyeshe miezi 6 amwachishe kwa ghafla, na akakesha naye akilia usiku kucha akilitafuta titi lililofungwa kwa khanga. Wa tatu akaambiwa anyonyeshe tu, mama, kunywa dawa zako. Maagizo yote matatu aliyapokea kwa mtu aliyevaa koti jeupe, aliyesema kwa uhakika. Sayansi hukua hivyo, naelewa, na ukuaji huo umeokoa watoto wengi sana. Lakini mama huyo yupo, ana miaka hamsini na kitu sasa, na kama yule wa kwanza alikufa kwa kuharisha, kuna swali analotembea nalo sokoni na kanisani. Ninatamani kuwe na mtu katika mfumo wetu wa afya ambaye kazi yake ni kukaa na wanawake hawa na kuwaambia kwamba walifanya walichoelekezwa, na kwamba kosa halikuwa lao.

Wapo pia wanaoanza safari hii wakiwa wametenganishwa na mtoto. Mama wa njiti, yule mtoto aliyezaliwa kabla ya wakati, hukamua maziwa kwenye kikombe kila baada ya saa chache, matone ya dang'a yanayopimwa kwa sindano, akimkamulia mtoto ambaye bado hawezi kunyonya, asijue kama atamwona kesho. Hospitali ya Muhimbili ilishiriki utafiti uliotoa majibu mwaka 2021, pamoja na hospitali za Ghana, India, Malawi na Nigeria, ulioonyesha kwamba kumweka mtoto mdogo kifuani kwa mama, ngozi kwa ngozi, mara tu baada ya kuzaliwa kunapunguza vifo kwa robo. Kifua cha mama kilikuwa mashine bora kuliko tulivyofikiri, na ilibidi vitanda vya akina mama viingizwe wodini mwa watoto ili ifanye kazi. Nairobi, hospitali ya Pumwani ilifungua mwaka 2019 benki ya maziwa ya mama, ambako mtoto hupewa maziwa ya mama mwingine. Waislamu wa pwani watauliza swali la haki hapo, la undugu wa ziwa, kwa kuwa walionyonya kwa mama mmoja hawaoani, na mtoto anastahili kujua ni nani aliyemnyonyesha. Sioni swali hilo kuwa kikwazo. Dini iliyomheshimu Halima kwa kumnyonyesha Mtume ina mengi ya kutufundisha juu ya deni la maziwa, na daftari linaloandikwa vizuri linaweza kulijibu.

Halafu kuna muda, na hapa ndipo subira inaponiishia. Tunawaambia wanawake miezi 6. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mwajiriwa wa Tanzania Bara siku 84 za likizo ya uzazi yenye malipo, au 100 akijifungua zaidi ya mtoto mmoja, na mwaka 2025 ilirekebishwa ili mama wa njiti aongezewe muda. Siku 84 ni wiki 12. Zinazobaki mpaka miezi 6 ni zaidi ya miezi 3, na kwa kipindi hicho sheria inampa mama ruhusa ya hadi saa 2 kwa siku za kumnyonyesha mtoto ndani ya saa za kazi. Imeandikwa vizuri. Lakini mama anafanya kazi Posta, katikati ya Dar es Salaam, na mtoto yuko Chanika, pembezoni mwa jiji. Saa 2 hazimfikishi hata nusu ya kwenda na kurudi, labda aziunganishe aondoke mapema, na msimamizi wake anaziita upendeleo. Kwa hiyo anakamua chooni, amesimama, akisikiliza mlango, au kwenye stoo ya faili, na maziwa yanayogoma kushuka kwa woga ni yaleyale tuliyoyazungumza. Jioni anafika na kichupa chenye maziwa ya kimo cha vidole viwili. Anakitazama na kusema, maziwa yangu hayatoshi.

Sheria ya Afya ya Kenya ya mwaka 2017 inawataka waajiri watenge chumba cha kunyonyeshea. Tarehe 7 Agosti 2019, siku ya mwisho ya Wiki ya Unyonyeshaji Duniani, Zuleikha Hassan, mwakilishi wa wanawake wa Kaunti ya Kwale, aliingia katika Bunge la Taifa la Kenya na mwanawe wa miezi 5, kwa kukosa mahali pa kumwacha, na akaamriwa kutoka. Kanuni za ukumbi hazikuruhusu mgeni. Alikuwa mbunge, mwenye mshahara, gari na sauti ya kufika magazetini siku hiyohiyo. Kilomita chache kutoka hapo, katika mitaa ya mabanda ya Korogocho na Viwandani, watafiti waliochapisha matokeo yao mwaka 2011 walikuta watoto walionyonya maziwa ya mama tu hadi kutimiza miezi 6 ni takribani asilimia 2. Mwanamke wa huko anayeishi kwa vibarua vya kufua nguo hana likizo ya kuhesabu. Asipotoka leo hakuna unga leo, na anakofua hawataki mtoto. Mtoto anaachwa kwa jirani mwenye uji. Unaweza kumfundisha mama huyo faida za maziwa kila asubuhi na hatakupinga hata moja.

Na tukifuata mnyororo huu hadi mwisho tunamkuta dada wa kazi. Ndiye anayemwezesha mama wa ofisini arudi kazini siku ya 85. Ndiye anayepasha yale maziwa yaliyokamuliwa, akiweka kikombe ndani ya maji ya moto kama alivyoelekezwa, akimnywesha mtoto taratibu ili asipaliwe. Wengi wao ni wasichana, na wengine wao ni mama. Nilizungumza na mmoja aliyetoka kijijini Iringa na kuja Dar es Salaam akiwa amemwacha mwanawe, wa miezi 4, kwa bibi yake. Nilimuuliza alifanyaje na maziwa. Alisema yalimsumbua sana siku za mwanzo, alikuwa akiyakamua bafuni na kuyamwaga, kisha yakakata. Mwajiri wake wakati huo alikuwa akikamua chumba cha pili. Hakuna kati yao aliyefikiri kulizungumza.

Sheria ile ya mwaka 2004 haikumwacha nje mtumishi wa ndani. Siku 84 ni zake, na saa 2 ni zake. Nyumba nyingi ninazozijua, zikiwemo za wanawake wasomi wanaopigania chumba cha kunyonyeshea ofisini kwao, humjibu dada aliyeshika mimba kwa kumpa nauli ya kurudi kwao. Mazungumzo ya vyumba vya ofisini ni ya lazima na ninayaunga mkono kwa nguvu zangu zote. Ningependa yaanzie jikoni kwetu, kwa kumuuliza anayeosha vile vikombe vya maziwa kama naye ana mtoto, yuko wapi, anakula nini, na ingegharimu kiasi gani aletwe hapa.